Shingo Ngumu Ziko Viti vya Mbele

Hapa Mbeya, ukipanda daladala Uyole asubuhi ukashuka Mbalizi, si ajabu ukalisikia neno hili njiani zaidi ya mara moja: ukaidi. Litatoka kwenye redio ya dereva, ambayo wiki nzima haitoki kwenye mahubiri, au kwenye spika za mkutano wa injili pale Mwanjelwa. Mvua ikichelewa Desemba, ni ukaidi wetu. Viazi vikipigwa na ukungu kule Isongole, ni ukaidi. Kijana akihama kanisa la babu yake kwenda kwenye huduma iliyofunguliwa juzi katika ukumbi wa sherehe, wazee wanasema ni mkaidi. Na mchungaji wa huduma hiyo naye, akishika maiki, anasema wazee wale ndio wenye shingo ngumu, wameukataa uamsho. Tumefika mahali neno moja linatosha kueleza kila kitu. Neno la namna hiyo lazima lipekuliwe mifuko.

Migogoro ya makanisa ya miaka ya karibuni imelipa nguvu mpya. Waliofuatilia mvutano wa Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), uliopamba moto mwaka 2022, wanakumbuka kuwa suala la makao makuu, yabaki Tukuyu au yahamie Mbeya mjini, lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowagawa watu. Sina nia ya kuamua hapa nani alikuwa sahihi. Kinachonishughulisha ni tafsiri iliyoenea baada ya hapo, kwa Walutheri na wasio Walutheri: kwamba ugonjwa wa Wakristo wa Nyanda za Juu Kusini ni waumini kubisha mno, kuuliza mno, na kutotii kama walivyotii bibi zao. Nadhani tafsiri hiyo imeutaja ugonjwa kwa jina lake halisi, kisha ikamlaza kitandani mtu asiyeumwa. Ukaidi dhidi ya mapenzi ya Mungu upo, tena ni mzito kuliko tunavyouhubiri. Lakini katika Maandiko makazi yake ya kawaida si kwa anayeuliza. Unakaa kwa anayejua, aliyekwisha kusema ndiyo, na ambaye haendi.

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo tunapojikwaa kwanza. Kwa Kiswahili ukaidi ni kosa la mdogo kwa mkubwa. Mtoto ndiye mkaidi. Baba akimkatalia mtoto haki yake tunatafuta neno jingine. Methali zetu zimesimama upande huohuo: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Hakuna ubaya, ndivyo watu walivyolea watoto. Ila mhubiri anaposema "mmekuwa wakaidi", msikilizaji hajengewi picha ya Mungu na mwanadamu. Anajengewa picha ya mkubwa na mdogo, na kwa kuwa ndani ya jengo lile mkubwa ni aliyesimama madhabahuni, mapenzi ya Mungu yanateleza polepole hadi yanakuwa mapenzi ya mwenye maiki. Mara nyingi hakuna hata aliyekusudia. Ni methali tu imepanda mimbarini bila kuwekewa mikono. Na sisi wa nyanda hizi tuna mkanganyiko wa ziada: Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliwapiga Wajerumani pale Lugalo, mwaka uleule ambao wamisionari wa Kimoravian walikuwa wanaweka kituo chao Rungwe, na mwaka 1898 Mkwawa akajiua kuliko kukamatwa. Darasani kutoinama kule kunaitwa ushujaa, na mtoto anapata alama kwa kukusimulia. Kutoinama kwake mwenyewe, akirudi nyumbani, kunapata fimbo.

Msemo wa "shingo ngumu" wenyewe si wetu wa asili. Umetoka kwa Waebrania, na kwao ulitaja hasa kisogo; wengi wanaona nyuma yake picha ya ng'ombe wa kulimia. Aliyewahi kulima kwa plau, Mbozi au Wanging'ombe, hahitaji kuelezwa sana. Ukimfundisha maksai mchanga unamfunga nira moja na mzee aliyezoea. Mtoto anatangulia na kamba, mwenye plau yuko nyuma. Maksai mkaidi si lazima arushe mateke. Yupo anayekubali kufungwa, anasimama kwenye mstari, anatembea kama wenzake. Ila kisogo amekikaza. Ukimwita kulia anavuta kushoto, kidogo tu, hatua kwa hatua, na ukifika mwisho wa shamba ukageuka kutazama ulikotoka unakuta mstari umepinda kama nyoka aliyekanyagwa. Anayechubuka shingo ni yule mwenzake asiye na kosa. Nabii Hosea, aliyewafananisha Israeli na ndama mkaidi, alikuwa anasema na watu wanaoijua hasara hiyo. Tazama sasa: ng'ombe aliyeko porini hana shingo ngumu, hajafungwa nira na mtu. Msemo huu hauwezi kumhusu mtu wa nje. Na kuna jambo jingine ambalo Kiswahili kinatuficha kwa kutumia "ngumu" kwa yote mawili: maksai aliyelima miaka kumi ana shingo iliyoota sugu, ukiigusa ni kama gome la mti, na ndiye huyohuyo anayegeuka kwa neno moja. Ugumu wa kazi na ugumu wa kukataa si kitu kimoja.

Ukiyapitia Maandiko na picha hiyo kichwani utashangaa ni nani wanaoambiwa neno hili. Kwenye Kutoka 32 wanaoitwa watu wenye shingo ngumu ni wale waliovushwa bahari, walioisikia sauti mlimani na kuahidi kwa kinywa kimoja kuyatenda yote. Stefano, kwenye Matendo 7, anaposema "Enyi wenye shingo ngumu, msiotahiriwa mioyo wala masikio", hasemi na wapagani wala na vijana waliohama sinagogi. Anasema na Baraza, kuhani mkuu akiwa amekaa mbele yake. Yona ni nabii aliyepewa kazi, akakata tiketi ya upande wa pili. Watu wa Ninawi, ambao hawakuwa na Maandiko hata ukurasa mmoja, walitubu kwa hubiri fupi kuliko matangazo yetu ya Jumapili. Na Bwana Yesu, kwenye Mathayo 21, anasimulia wana wawili walioambiwa wakafanye kazi shambani, mmoja akasema "Sitaki", kisha akajuta akaenda. Mwingine akasema "Naenda, Bwana", asiende. Anawasimulia wakuu wa makuhani na wazee wa watu. Ukaidi wenye adabu, wenye "Naenda, Bwana" na kichwa kilichoinamishwa, ndio aliokwenda kuupekua hekaluni. Sisi tulioelewa tangu utoto kwamba mkubwa hajibiwi hapana, tunaosema "ndaga fijo, baba", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kuondoka bila nia ya kufanya lolote, tungepaswa kukiogopa kisa hiki kuliko watu wote.

Kisa kinachonikaa zaidi ni cha mfalme Sauli, kwenye 1 Samweli 15. Ameagizwa awaangamize Waamaleki pamoja na mifugo yao yote (agizo zito hata kulisoma leo, na sitajifanya halinisumbui), amelitenda kwa sehemu, na anampokea nabii Samweli kwa furaha: nimeitimiza amri ya Bwana. Samweli anamwuliza, basi mlio huu wa kondoo masikioni mwangu ni wa nini? Sauli anao utetezi tayari, na ni utetezi wa kanisani: wale wanono wamebakizwa kwa ajili ya sadaka. Hapo ndipo linapokuja neno ambalo tungelibandika kwenye kila mlango wa kanisa mkoani Mbeya: "Kwani kuasi ni kama dhambi ya uchawi, na ukaidi ni kama ukafiri na vinyago." Mkoa wetu umeteswa na mambo ya uchawi, kwa ushirikina wenyewe na kwa tuhuma zilizomwaga damu ya wazee wasio na hatia. Tuna mikesha ya kuvunja uchawi, maombi ya kubomoa madhabahu za mababu, watu wanaofuatwa hadi nyumbani. Samweli anamweka benchi moja na mchawi mtu aliyetoa sadaka nono ili asiulizwe habari za utii. Mkesha wa huyo sijawahi kuusikia ukitangazwa.

Mfano wa ukaidi huo kwetu unapita barabarani kila siku, umefunikwa turubai. Simama Isongole msimu wa viazi. Gunia linajazwa hadi mdomoni, halafu kazi ndiyo inaanza: linaongezewa wavu au kipande cha gunia jingine juu, viazi vinapangwa kimoja kimoja kwa mkono mpaka kichwa kinasimama kama mlima, kisha sindano ndefu na kamba vinafunga juu kwa mishono ya msalaba. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima analipwa kwa gunia moja. Kilichomo ndani ni gunia na zaidi, na hiyo zaidi ni jasho lake lisilo na bei. Sheria ya Vipimo inakataza, viongozi wamekemea awamu baada ya awamu, na Biblia haina utata: mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Hakuna asiyejua. Niliwahi kumwuliza mzee mmoja wa kanisa, mnunuzi wa viazi wa siku nyingi, mtu mpole na mwombaji kwelikweli, kama jambo hili halimsumbui. Hakukasirika. "Tunajua," alinijibu. Akaeleza kuwa ukikataa wewe jirani ananunua, na gari likifika sokoni na magunia ya kawaida tajiri wa Dar es Salaam anakuuliza mzigo mwingine uko wapi. Yote ya kweli. Ndivyo ukaidi mkubwa unavyofanya kazi, unakuwa mfumo, kila mmoja ana sababu, na wote Jumapili tunaimba. Sijawahi kusikia mtu akiitwa mwenye shingo ngumu kwa sababu ya lumbesa.

Wapo watakaonijibu, na jibu lao lina uzito. Watasema: unawapa silaha wabishi. Kanisa lisilo na utii haliendi popote. Waebrania 13 inaagiza wazi kuwatii wanaotuongoza. Na si kila swali linaulizwa kwa moyo safi. Watanitajia Kora, wa Hesabu 16, ambaye alikuja na swali tamu la kidemokrasia: mkutano wote ni watakatifu, mbona Musa na Haruni mnajikuza? Nyuma ya swali kulikuwa na tamaa ya ukuhani, na mwisho wake unajulikana. Nakubali. Nimekaa kwenye vikao vya usharika ambamo hoja ya mapato na matumizi ilikuwa ngazi tu ya mtu kuutafuta uenyekiti, na aliyeumia ni mhasibu wa kujitolea aliyekuwa ameandika kila shilingi. Wachungaji wengi wa vijijini wanaishi kwa mahindi na uvumilivu, na wanachoka kuhojiwa na watu wasiotoa hata bahasha. Mtu anayeamini kuwa kila upinzani ni unabii hajawahi kuongoza hata kwaya.

Lakini soma kurasa chache mbele. Kwenye Hesabu 27 wanakuja watu wengine kumhoji Musa, hadharani, mlangoni pa hema, mbele ya wakuu wote. Ni mabinti watano wa Selofehadi. Baba yao amekufa bila mtoto wa kiume na utaratibu wa kurithi haukuwa na nafasi yao, nao wanauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe. Wanatanguliza jambo moja ambalo ni rahisi kulipita: baba yetu hakuwamo katika kundi la Kora. Walijua tuhuma itakayowapata. Walijua kwamba baada ya Kora kila anayeuliza atafananishwa na Kora, wakaizima mapema. Musa hakuwaita wakaidi. Alilipeleka shauri lao mbele za Mungu, na jibu lililorudi ni kwamba mabinti wanasema la haki, sheria ibadilike. Sasa weka visa viwili ubavu kwa ubavu. Swali liliulizwa kote kuwili, tena kwa kiongozi yuleyule. Tofauti ni kwamba wenzake Kora, Dathani na Abiramu, walipoitwa na Musa walikataa kwenda, ilhali mabinti walisimama pale wakangoja jibu. Na Musa pia alipimwa siku ile. Angeweza kufunga kikao.

Nasema hivi nikimkumbuka mama yangu mdogo. Mumewe alipofariki, mashemeji walilitaka shamba la migomba na kahawa aliloshiriki kulilima miaka ishirini, na kikao kikafanyika sebuleni kwake, wazee wa kanisa wakiwamo kama mashahidi. Aliuliza swali moja: "Haya mashina, ninyi mlikuwepo nikiyapanda?" Mzee mmoja akamwambia aache ukaidi, mjane mcha Mungu hubembeleza. Alipokwenda baraza la ardhi akatengwa na Meza ya Bwana kwa miezi kadhaa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke, ingawa kanuni za kimila za mirathi za mwaka 1963 bado zinawabana wajane. Lakini tuiache sheria ya nchi. Hesabu 27 ilikuwa kwenye Biblia mezani pale, imefungwa, na miwani ya mzee juu yake.

Ukitaka ushahidi wa nje ya Biblia, angalia makanisa makubwa ya nyanda hizi yalikotoka. Wamoravian wa Rungwe na Mbeya wanahesabu ukoo wao kutoka kwa wafuasi wa Jan Hus, padre wa Bohemia aliyechomwa moto mjini Konstanz tarehe 6 Julai 1415. Aliyemhukumu ni mtaguso, maaskofu na wanazuoni, na kilichommaliza ni kukataa kuyakana mafundisho aliyoshtakiwa nayo. Walutheri wa Tukuyu, Njombe na Iringa wanafuata nyayo za Martin Luther, mtawa aliyesimama mjini Worms, Ujerumani, mwaka 1521 akakataa kufuta alichoandika. Kwa waliowahukumu, hao wawili walikuwa ndio ukaidi wenyewe umevaa kanzu. Itakuwa ajabu watoto wa Hus na wa Luther kuwatenga watu kwa kosa lilelile walilozaliwa nalo. Hata hivyo sitaki kuwapaka hao wawili rangi ya mashujaa wa kukataa tu, kama wafanyavyo baadhi ya vijana wetu wa mitandaoni. Wote wawili walisema jambo moja ambalo mkaidi halisemi: nionyesheni kosa langu katika Maandiko, nitarudi nyuma. Mtu aliyeacha mlango huo wazi unaweza kuona amekosea. Kumwita mwenye shingo ngumu ni kazi nyingine.

Linabaki swali gumu zaidi, lile la Farao, na wanaolitumia hulitumia kwa haraka. Kutoka inasema mara Farao aliufanya moyo wake mzito, mara Mungu aliufanya mgumu, na Paulo kwenye Warumi 9 anaongeza: u nani wewe umjibuye Mungu? Wapo wahubiri wanaoikata kauli hiyo hapo na kuigeuza kofuli la mdomo, kana kwamba Paulo alikuwa anazungumzia kamati ya ujenzi. Fuata masimulizi yenyewe. Kabla ya mapigo Mungu anasema mapema kwamba ataufanya moyo ule mgumu, lakini pigo kwa pigo, hadi la tano, ni Farao anayejifanya mgumu au moyo unaoelezwa kuwa mgumu. Ni kwenye pigo la sita, la majipu, ndipo tunaambiwa Bwana aliufanya. Na kuna kifungu kwenye sura ya 8 ambacho kila aliyewahi kuugua anakielewa: Farao alipoona kuna nafuu, akaufanya moyo wake mzito. Chura wakiwa kitandani aliahidi. Chura walipokufa alisahau. Tumeyaona hayo wodini na tumeyaona kwenye mikutano ya maombi ya mvua, ambayo hujaa Desemba na kupwaya Februari.

Jinsi neema ya Mungu na utashi wa mtu vinavyokutana hapo, Wakristo hawajakubaliana hadi leo. Luther, akimjibu mwanazuoni Erasmus mwaka 1525, alisema utashi wa mwanadamu ni kama mnyama wa kupandwa: akipandwa na Mungu huenda atakako Mungu, akipandwa na shetani huenda atakako shetani, wala hachagui mpandaji. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, mwaka 1547, ukajibu kwamba utashi ukiguswa na Mungu unaweza kuitikia na unaweza kukataa. Mlutheri wa Tukuyu na Mkatoliki wa Tosamaganga wamerithi majibu mawili tofauti, na sijioni nikiyapatanisha. Ninachokiona ni kwamba yote mawili yanamnyang'anya mhubiri kidole chake. Kama Luther ana haki, utashi wote umefungwa, wa mchungaji ukiwa umefungwa kama wa mlevi wa kilabuni, na hakuna kiti kilicho juu ya zizi ambako mtu anaweza kukaa akiwahesabu wakaidi. Kama Trento ina haki, aliyebatizwa na kupewa daraja anaweza kuikataa neema asubuhi ileile anayoitangaza. Mapokeo yote mawili yanaufanya ukaidi kuwa habari ya ndani, ambayo mtu huijua kwanza kwa kujitazama.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote nimeiacha nyuma kwa sababu ndiyo inayosikika zaidi: kwamba maafa ni risiti ya ukaidi. Mvua imechelewa kwa sababu mmemkataa Mungu. Ukungu umekula viazi kwa sababu kuna dhambi kijijini. Ugonjwa ule unaenezwa na vimelea vinavyopenda baridi na unyevu, ambavyo milima ya Uporoto inavyo vya kutosha na vya kubakiza, na haumbagui mcha Mungu asiye na dawa ya kupulizia. Ni ugonjwa uleule ulioiangamiza Ireland kuanzia mwaka 1845, na walikuwapo Uingereza wakati ule waliosema njaa ile ni mkono wa Mungu kwa taifa kaidi, huku nafaka ikiendelea kupakiwa melini kutoka bandari za Ireland. Tafsiri ya namna hiyo ina faida moja kwa anayeitoa: haimdai kitu. Yesu aliletewa habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, au tuseme yeye mwenyewe aliwataja, akakataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine, kisha akaigeuza shabaha kwa waliokuwa wanamsikiliza: ninyi msipotubu. Marafiki wa Ayubu walihubiri sura nyingi kwamba mateso ni ushahidi wa ukaidi. Mwishoni Mungu aliwaambia hawakunena yaliyo sawa, na Ayubu, aliyebisha, aliyedai kesi yake isikilizwe, ndiye aliyeombwa awaombee.

Sisemi mhubiri aache kukemea. Yeremia alikemea hadi akatupwa shimoni. Lakini yeye alitembea Yerusalemu na nira shingoni mwake mwenyewe, na Hanania, nabii aliyependwa, ndiye aliyeivunja nira hiyo mbele ya watu na kuahidi kwamba katika miaka miwili mambo yatanyooka. Umati bila shaka ulishangilia. Nani hapendi kuambiwa mwaka huu ni wako? Aliyekuwa anayapinga mapenzi ya Mungu siku ile ndiye aliyekuwa na ujumbe wa ushindi. Kwa mji wenye mabango ya unabii kila kona, kisa hicho kingefaa kufundishwa kabla ya somo lolote la utii.

Kuna tofauti ndogo ya silabi ambayo nadhani ina uzito kuliko maazimio ya sinodi. Kwenye Kutoka 32 Mungu anasema watu hawa wana shingo ngumu, na hiyo ni sababu ya kuwaangamiza. Sura mbili baadaye Musa anayachukua maneno yaleyale na kuyafanya sababu ya kuomba: Bwana na aende pamoja nasi, maana ni watu wenye shingo ngumu, utusamehe uovu wetu. Wetu. Yeye hakuwepo walipoabudu ndama wa dhahabu. Alikuwa mlimani siku arobaini. Alikuwa na kila haki ya kusema "wao". Sasa sikiliza ibada yetu ya kawaida, Kilutheri, Kimoravian, Kikatoliki au ya kilokole. Kwenye maungamo tunasema tumekosa, tumeasi. Dakika ishirini baadaye, mimbarini, inakuwa mmekosa, mmeasi. Kati ya tu na m kuna mtu ametoka kwenye nira akashika mjeledi, na hakuna aliyemwona akihama kwa sababu kwaya ilikuwa inaimba.

Yule mzee wa Isongole hakutoa hotuba. Alisema "tunajua", akiwa amekaa juu ya gunia lililokwisha kushonwa, sindano bado mkononi, na kijana wake akamletea jingine.